Nilimpigia makofi binti yangu, kumbe anasoma jinsi nilivyokufa mlevi

Wakuu, asalaam aleikum. Sitii chumvi, jambo lenyewe lina chumvi ya kutosha.

Siku ya wazazi nilisimama peke yangu, kanzu nyeupe, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Binti yangu Mwanaidi alikuwa anasoma hadithi yake kwa Kiingereza. Mimi niliishia la saba. Nilichodaka ni "my father" tu, kila mara "my father". Nikajua nasifiwa.

Kumbe ndo nilikuwa nakufa. Mtaroni. Chupa mkononi.

Turudi nyuma.

Mimi ni mkulima wa mananasi huku Kiwangwa, na ni muadhini wa msikiti wetu mwaka wa kumi na tisa. Pombe naijua kwa harufu ya majirani.

Mwanaidi yuko form five, shule siitaji. Wana kitu kinaitwa creative writing. Kwanza aliandika ukweli: baba anaadhini alfajiri, kisha tunaingia wote shamba. Mwalimu Mkude akamrudishia na wino mwekundu. Hamna conflict, yaani hadithi haina mgogoro.

Mtoto akamwambia, "Sir, baba yangu hana tatizo."

"Mtafutie."

Akanitafutia. Akaongoza darasa zima.

Ingeishia huko. Ila jirani yangu Shaibu, form four leaver, mwanawe yuko shule hiyo hiyo. Alirekodi, akaja kutafsiri barazani msikitini, na kuyumba akaniigizia.

"Mtoto hamsingizii babake," akamalizia.

Wazee wakaniambia kwa upole, "Ustaadh Saidi, pumzika kwanza."

Wiki ya tatu hii anaadhini Shaibu. Sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Likizo Mwanaidi kalia sana. "Baba, ile ni fiction, ya kubuni tu." Nikamtuma akawaambie wazee. Wakamsikiliza, wakatikisa vichwa: maskini, anamsitiri babake.

Funzo nililopata: usipige makofi kabla hujatafsiriwa.

Walimu mliomo humu, niambieni, hakuna alama kwa baba mzima? Wengine mcheke tu, nimeshazoea.

Ila wewe Mkude najua unapita humu. Ijumaa njoo Kiwangwa, usimame pale barazani baada ya swala, useme kwa Kiswahili kwamba yule mlevi ulimwagiza wewe.

Conflict umeipata. Njoo uimalize.