Dakika Tatu za Bukuru

Siku yangu ya kwanza kufundisha karate kwa walinzi, katika kituo cha mafunzo cha Kibondo, Mkuu wa Mafunzo alinikabidhi ukuta. "Wafundishe kuusukuma," akasema. "Usipobomoka, waendelee."

Usicheke, kijana. Msuli hupata nguvu hata kiungo kisiposogea. Sukuma kitu kisichokubali, hesabu hadi kumi, legeza. Tayari umefanya kazi. Ndivyo tulivyosimama pia kiba-dachi, mkao wa mpanda farasi: miguu umeitanua, magoti umeyakunja, mapaja na tumbo umevikaza, hutikisiki. Mlinzi anayesimama getini kutwa, mkao huu humfaa kuliko mateke. Sharti lake ni moja: ukikaza, pumua. Ukibana pumzi, presha hupanda ghafla.

Baadaye nikahamishiwa Kasulu, chini ya Meneja wa Kanda. Huko nilimkuta Bukuru, mlinzi mwenye wajukuu, mzaliwa wa Kasanda, naye alikuwa na presha. Meneja akatangaza kwamba asiyemaliza dakika tatu za kiba-dachi ataachishwa kazi.

"Mwalimu," Bukuru akaniambia, "wakinitoa hapa nikalinde nini? Mihogo?"

Wiki tatu tulifanya mazoezi kila jioni, tukipumua kwa kuhesabu. Akaweza.

Siku ya mtihani Meneja alisimama kando yangu na saa mkononi. Dakika ya pili nikaona mishipa ya shingo ya Bukuru imetuna, midomo ameifunga. Nilijua amebana pumzi. Neno moja lingetosha. Lakini kanuni ilisema anayesemeshwa na mwalimu ameshindwa, nami sikutaka kumpotezea kazi. Nikanyamaza. Alianguka zikiwa zimebaki sekunde chache. Meneja akaandika "hakumaliza", akaagiza abebwe hospitali, akaita anayefuata.

Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia na sehemu kubwa ya kumbukumbu.

Sasa nimestaafu. Kwenu mnaofundisha leo, ninalo hili tu: msikilize mwanafunzi wako pumzi kabla hujamtazama misuli, na kanuni inayokuziba mdomo, ivunje. Mimi niliitii.

Kila mwezi nakwenda Kasanda kumwona. Mke wa Bukuru hunipa kiti na maji. Hajawahi kunilaumu, ningependa anilaumu. Bukuru hunitazama kwa muda mrefu, kisha huuliza kwa taabu, "Mwalimu, nilimaliza?"

"Ulimaliza."

Hucheka kwa upande mmoja wa uso, kisha humwita mkewe aje asikie. Naye huacha kazi yake, huja, husikiliza kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa.