Nilipoomba Mvua Kwenye Gemu ya Magari

Wazee, leo nimetamani ardhi ipasuke inimeze!

Nilienda na Bob wa kazini kwenye duka la gemu, Silver Spring, huku Marekani. Inakuja gemu mpya ya yale magari ya kuzunguka uwanja, na mwenye duka alikuwa anauliza mashabiki wanataka iwe na nini.

Mmoja akasema magari yabondeke kikweli. Mwingine akataka kubadilisha matairi mwenyewe.

Bob akanisukuma mbele: "Muulize huyu, ameangalia kanda zote za video za mbio nilizomwazima!"

Nikasema kwa sauti: "Mvua. Matope. Na navigeta wa kunisomea kona."

Duka zima likaangua kicheko!

Mkenya mimi, akili ilikimbilia rali ya nyumbani. Kumbe mbio za hawa mvua ikinyesha zinasimamishwa, na dereva yuko peke yake.

Bob hakucheka. Garini akauliza polepole: "Ile kanda ya juzi uliyosema umeipenda, uliniona kwenye jukwaa la watazamaji na marehemu baba?"

Nikaongeza sauti ya redio mpaka Hyattsville.

Kanda iko hapa mezani, sijaitazama hata dakika moja. Wazee, sijawahi kuwa na deki ya kuchezea kanda.

Nani ataniazima yake leo hii?