Kiko cha Bibi na Maji Yanayopanda

Juzi jioni nilimpakulia mtoto wa dada yangu paja la kuku, nikamwongezea na mchuzi wa juu, ule wenye mafuta. Hakula. Aliliangalia paja, akaniangalia mimi, akauliza, "Mama mdogo, kuna nini?"

"Kuna nini, nini? Kula."

"Jana hukunituma maji. Leo paja. Kuna nini?"

Ndugu yangu, nilicheka mpaka nikatoka nje, na huko nje kicheko kikageuka kikawa kitu kingine. Macho yale nayajua. Nilikuwa nayo mimi mwenyewe, mwaka ule gari moshi lilipokuwa bado geni kwa watu wa Morogoro, Bibi aliponichukua kwenda kula samaki baharini. Zilikuwa siku tamu kuliko zote za utoto wangu, na sikuziamini hata moja.

Kwetu ni huku juu, upande wa Mgeta, ambako ukidondosha boga mlangoni utaliokota kwa jirani wa chini. Bibi, mama yake mama, hakuwa mtu wa matembezi. Alikuwa mtu wa jembe na kiko. Kichwa cha kiko kile kilikuwa cha udongo, alikifinyanga mama yake kwa mkono wake, kimepakwa moshi wa miaka mpaka kinang'aa kama mbegu. Sisi watoto tulimjua Bibi yuko wapi kwa pua: harufu ya tumbaku ikija kutoka kwenye migomba, tunaacha mchezo na kushika kazi.

Basi asubuhi moja, maharage yamekwisha kuvunwa, Bibi akanielekezea kiko na kumwambia mama, "Huyu mke mwenzangu nitamchukua akaone bahari." Mama alikuwa anapepeta. Ungo ukasimama. Alinitazama kwa muda, halafu akaendelea kupepeta. Mjomba naye akakubali papo hapo. Sasa wewe elewa: kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli, na mjomba wangu mimi alikuwa mtu wa kuuliza maswali matatu kabla hajakuazima panga. Siku ile hakuuliza hata moja. Alinishika kichwani tu, akasema, "Nenda, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoanza kuwatazama wote kwa jicho la pembeni.

Nilikuwa na sababu. Jirani yetu alikuwa na binti aliyenizidi kidogo. Mwaka wa nzige, mahindi yalipokwisha mpaka kwenye shina, shangazi yake alikuja akamchukua kwenda pwani, kula samaki, walisema hivyohivyo. Hakurudi. Mama yake hadi siku zile alikuwa akipakua chakula anaweka bakuli moja pembeni, halafu anakumbuka, anarudisha chunguni. Hakuna mtu aliyelizungumza jambo lile. Mimi nilikuwa nimeliona bakuli.

Tulishuka mlima siku nzima, tukalala mjini kwa watu wa ukoo wetu, asubuhi tukaenda stesheni. Askari alikuwa anawapanga watu kwa kifimbo. Gari moshi lilipofika, linatema cheche za kuni na kutoboa kaniki za watu, akina mama wengine walipiga kelele. Tulipokaa ndani, Bibi alitoa kiko chake, akakijaza taratibu, akasema, "Kumbe na yeye anavuta." Behewa zima likacheka. Mimi nilikuwa nimeshika pindo la nguo yake, nikihesabu vituo, ili nikilazimika kurudi peke yangu kwa miguu nijue ni vingapi.

Mama mdogo, mdogo wake mama, aliolewa na mtu wa pwani mchemsha chumvi. Kutoka Dar es Salaam tulitembea kwa mguu mpaka kijijini kwao, vibanda vichache vya makuti, vyungu vikubwa vinachemsha maji ya bahari tangu asubuhi mpaka jua linazama. Mama mdogo alinikumbatia akanitazama tena kama mama alivyonitazama. Hakuwa na mtoto. Nikaliweka hilo nalo moyoni, pamoja na bakuli la jirani.

"Shikamoo, baba mdogo," nikamwamkia mumewe.

"Marahaba! Ndiyo huyu? Mbona miguu yote miwili inalingana? Nilisikia watu wa mlimani mguu mmoja mfupi, kwa kutembea ubavuni."

"Na ninyi nasikia mnakunywa chumvi kwa kijiko," akajibu Bibi, "ndiyo maana maneno yenu hayana ladha nyingine." Baba mdogo akajipiga gotini kwa kucheka. Watu wa mlimani na wa pwani ni watani, na utani ule uliushinda hata ukwe; hawakunyamaza siku zote sita tulizokaa pale.

Siku sita, rafiki yangu. Nazijua moja moja kama vidole.

Samaki walichomwa juu ya makumbi ya nazi, changu wakubwa, ngozi inapasuka na mafuta yanalia motoni. Upande wa tumbo, ule laini, alipewa nani? Mimi. Niliula polepole, nikiwatazama wakubwa juu ya mnofu, mmoja baada ya mwingine. Nililetewa dafu, nikafundishwa kukwangua nyama yake kwa kipande cha ganda lake lenyewe, ikatoka nyororo, baridi, inateleza yenyewe kooni. Nikauliza, "Mbona wengine hawana?" Mama mdogo akasema, "Wewe kunywa, mwanangu." Mwanangu! Nikaliacha nusu.

Nikashika mtwangio, nikanyang'anywa. Nikachukua mtungi kwenda kisimani, Bibi, yule yule aliyekuwa hawezi kuona mtoto amekaa, akasema, "Weka chini. Nenda kacheze." Hakuna neno lililowahi kunitisha kama lile.

Mchana tulilala kivulini juu ya mkeka. Siku ya kwanza nilishtuka usingizini nikakimbia nje kuanua maharage, nimesikia mvua. Haikuwa mvua, yalikuwa makuti ya minazi na upepo. Nilisimama pale juani, mikono imenyooshwa, hakuna maharage, hakuna mvua, mbele yangu maji ya buluu hayana mwisho. Nikajisahau. Kwa muda mfupi sana sikumshuku mtu. Mchanga ulikuwa ukilia kidogo chini ya visigino vyangu, na kaa wadogo walikuwa wanatoka mashimoni kunitazama na kurudi.

Bibi alikuja akasimama nyuma yangu na moshi wake. "Angalia," akasema. "Angalia mpaka ushibe."

Kila siku alisema hivyo. Jua likizama, mpaka ushibe. Ndege weupe wakitua kwenye maji machache, mpaka ushibe. Nami kila akisema nilimtazama yeye badala ya bahari.

Siku ya nne mama mdogo aliniita ndani, akanizungushia uzi kiunoni, akafunga fundo kwenye kipimo, akauficha ule uzi chini ya mto. Bibi alikuwa mlangoni. Nilipotoka nikasikia sauti ya mama mdogo, "Hajui bado?" na ya Bibi, "Haambiwi. Mwache aione kwanza."

Basi. Wananipimia nguo za kukaa huku, nikasema. Nitachemsha chumvi mpaka nizeeke, na mama atapakua bakuli langu na kulirudisha chunguni.

Nililia kidogo nyuma ya kibanda cha chumvi, halafu nikapata akili. Bibi hawezi kwenda popote bila kiko chake. Kwa hiyo kiko kisipoonekana, Bibi hataondoka. Na mimi ndiye nitakayejua kilipo, nami nitasema akishakubali kuondoka nami. Asubuhi yake, Bibi akiwa anaoga, nikakichukua, nikashuka nacho ufukweni. Bahari ilikuwa imekwenda mbali sana, imeacha mchanga mpana, mgumu, safi. Nikachimba pale katikati, penye utulivu, mbali na watu, nikakizika na kuchomeka kijiti juu yake.

Unacheka? Cheka tu. Lakini mimi ni mtoto wa mlimani. Kwetu maji yakishapita yamepita, yanateremka kwenda kwa watu wengine. Hata pale pwani macho yangu yalikuwa kwa wakubwa, si kwa bahari; sikuwahi kuona hata siku moja maji yakaondoka halafu yakabadili nia, yakapanda kurudi.

Bibi alitafuta kiko mpaka chini ya vyungu. Mchana niliposhuka kuchungulia, kijiti hakikuwapo. Mchanga haukuwapo. Ilikuwa bahari tu, nzito, inakuja miguuni kwangu kana kwamba nilikuwa nimeiita. Niliingia mpaka kifuani nikipapasa chini, nikimeza chumvi, nikipiga kelele. Baba mdogo ndiye aliyenitoa, amenibeba begani kama gunia. Safari hii hakutania.

Niliwekwa mbele ya Bibi, maji yananichuruzika. Nikasema yote kwa pumzi moja: kiko, kijiti, uzi, binti wa jirani, bakuli.

Bibi hakunipiga. Mkono wake ulikwenda kwenye pindo la nguo pale kiko kilipokuwa kinakaa, ukakuta hakuna kitu. Kisha akasema, "Wewe mtoto! Nikuache? Mimi nimezaa binti, binti akakuzaa wewe. Wewe ndiye ukoo wangu. Nani anaacha ukoo wake kwenye chumvi?"

"Basi mbona mnanipa minofu?"

Mama mdogo akageuka upande. Bibi alinivuta nikakaa kati ya miguu yake, tunatazama maji pamoja. "Kesho kutwa tunarudi kwetu, mimi na wewe," akasema. "Sasa angalia."

Jioni ile niliangalia kweli. Ndiyo jioni yangu ya kwanza niliyoila nzima. Chakula kilikuwa muhogo wa nazi, wa moto, nikala na kuongezwa. Jua liliingia majini, na vyungu vya chumvi vikawa vinang'aa pembeni kwa ule ukoko mweupe. Siku ya sita sikumshuku mtu yeyote. Nikarudi nyumbani nimelala mapajani mwa Bibi tangu gari moshi lilipoondoka.

Mwezi haukupita nikawekwa ndani.

Wewe unaijua desturi yetu. Msichana akikua anakuwa mwali, anafungiwa nyumbani, haoni jua, haonwi na watu, miezi kwa miezi, mimi mpaka maharage yalipovunwa mara mbili. Wala haambiwi mapema. Na siku ya pili gizani, nimelala nikitazama dari jeusi kwa moshi, ndipo nilipoelewa. Mtu anayebaki mahali haambiwi aangalie mpaka ashibe. Walikuwa wananijaza. Walijua nakwenda wapi, wakaniwekea akiba.

Niliila akiba ile kidogo kidogo. Leo mnofu wa changu. Kesho mvua ile ya makuti. Zilizoniuma ni siku zile nne za mwanzo, ambazo nilizila nusu kama lile dafu.

Bibi alikuwa akija kukaa nje ya ukuta wangu karibu kila alasiri. Hakutafuta kiko kingine, alisema mdomo wake umezoea udongo wa mama yake. Kwa hiyo harufu haikuja. Nilimjua kwa kikohozi tu, na siku ambazo hakukohoa sikujua kama yupo. Nilipotoka, nimevaa kiunoni shanga zilizotungwa kwa uzi wa mama mdogo, yeye alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Masika yaliyofuata tukamzika.

Sasa vibanda vya chumvi navyo nasikia vimevunjwa, Mzungu mmoja amepanda minazi yake kwa mistari mpaka karibu na maji. Mama mdogo na mumewe wamesogea mbele kidogo. Samaki wapo, wamesema tuje. Kesho tunashuka stesheni, mimi na mtoto huyu wa dada yangu anayekataa paja la kuku.

Wakubwa wamenikanya nisimwambie kwamba akirudi atawekwa ndani, nami sitawavunjia neno lao. Lakini tangu jana nafikiria zile siku nne.

Asubuhi hii nimetafuta kitana changu, kile cha mpingo, sikukiona popote. Mtoto amekaa mlangoni, ametulia kupita kiasi, anatazama milima. Sikumuuliza. Nitafika naye baharini, nitamkalisha kati ya miguu yangu siku ya kwanza, si ya tano, nimwambie tutarudi pamoja. Na kama hatanisadiki, nitamwonyesha nyasi zinapoanzia, maji yasipofika, nimwambie, mwanangu, ukitaka kuficha kitu, fichia huku juu.