Kunigunda na Gunia la Kwanza

Kunigunda ni binti wa kaka yangu, wa hapa hapa Mbuji, kijijini kwetu milimani. Nilimbeba mgongoni, kwa hiyo ninayosema nayajua. Tangu mdogo hakukubali jibu la "ndivyo ilivyo." Ukimpeleka shambani kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya kuzuia maji yasibebe udongo, atauliza kwa nini shimo liko hapa na si pale, na usipomjibu, atachimbua aone mwenyewe. Alisoma hesabu mpaka chuo kikuu, kisha akarudi nyumbani, na wapo waliosema amepoteza masomo.

Soko huria lilikuwa limeshaingia. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipanda huku milimani, kila mmoja na mizani yake na uongo wake. Tukaunda kikundi, tukawa na mizani yetu, na Kunigunda akatutungia programu ya kompyuta ya kukadiria kahawa ya maganda ya kila mtu itabaki kiasi gani ikishakobolewa. Tangu hapo mnunuzi akija, tunajua kabla yake.

Sasa, sisi tuna desturi yetu. Siku ya kupima, aliye mkubwa kuliko wote hutangulia, na gunia lake halipokelewi likiwa na kilo na vipande. Huongezwa kahawa kwa mkono mpaka namba ikae kamili. Tunasema siku haifunguliwi nusu. Mkubwa wetu alikuwa dada yangu, Bonifasia. Alimimina, namba ikakaa. Likapandishwa gunia la pili, lenye kilo kadhaa na nusu, na kompyuta ikagoma. Iliandika kwamba aina ya namba si ile inayotarajiwa. Wakaizima, wakaiwasha, wakaanzia gunia hilo la pili, ikafanya kazi mpaka jioni.

Siku nyingine ya kupima, vilevile. Ndipo mwenyekiti wetu Mansuetus, mtu mwema ila mwepesi wa kuchoka, akamwomba dada apumzike, akatanguliza gunia lake mwenyewe, na vipande vyake, bila kuongeza chochote. Mashine ikaenda vizuri. Mansuetus hakutamka kwamba mkono wa Bonifasia una mkosi. Waliosimama kisimani walimsaidia kutamka. Dada yangu, aliyekuwa akiongoza sala za jumuiya, akaanza kukaa benchi la nyuma kanisani.

Tarsisi, mpimaji wetu, alimshauri Kunigunda awaache waanze na gunia lenye vipande, mambo yaishe. Kunigunda akamjibu, "Nikifanya hivyo nitakuwa nimetia sahihi kwamba mkosaji ni shangazi."

Alivyonieleza kosa lenyewe, nilielewa, maana nilimkumbuka Methodi. Zamani padre mgeni alihubiri kwa Kiswahili, Methodi akiwatafsiria wazee Kimatengo. Hodari sana, ila akishasikia sentensi ya kwanza alijiona ameyajua mahubiri yote. Siku moja padre alianza na harusi ya Kana akahamia kwenye msiba, na Methodi bado anawagawia wazee divai.

Ndani ya lugha ya kompyuta iliyotumika kuandika programu yetu, mna mkalimani wa namna hiyo, anaitwa kompaila. Hatafsiri yote mapema. Anatafsiri palepale, kazi ikiendelea, ili iende haraka. Akikutana na namba kamili kwanza, anatengeneza njia ya namba kamili. Ikija yenye nukta, yaani yenye vipande, anapaswa kusimama atafsiri upya. Huyu hakusimama, aliisukuma kwenye njia ileile, ikakwama. Ikitangulia yenye nukta hakuna shida, maana njia hiyo hupitisha hata namba kamili. Mjini alikoijaribu programu, hakuna anayejaziliza gunia la kwanza, basi kosa halikuonekana.

Kwanza Kunigunda alimnyima mkalimani haraka yake. Programu ikatambaa kama kobe, lakini alipoirudishia namba za siku ile, gunia la dada likapita, na la pili likapita. Akajua kosa haliko kwenye mizani wala kwenye programu yake. Lugha hiyo walioitunga wako ng'ambo, ila matumbo yake yako wazi kwa yeyote anayeweza kuyasoma. Akaingia humo, akachimbua kama alivyochimbua ngolo, mpaka akapafikia pale mkalimani anapouliza aina ya namba mara moja tu, mlangoni, kisha haulizi tena. Akamfundisha kuuliza kila inapobadilika. Marekebisho akawapelekea wenyewe kwa kompyuta ya Songea. Waliyapokea, wakaweka na jina lake.

Siku ya kupima iliyofuata alikwenda mwenyewe kumchukua shangazi yake nyumbani. Bonifasia akamimina kahawa kwa kiganja, taratibu, mpaka namba ikakaa. Likaja la pili, la Mansuetus, na vipande vyake. Likapita. La tatu likapita.

Dada yangu alikuwa bado anafuta mikono kwenye kanga.

"Mwenyekiti," akasema, "naona na lako limepita. Huu mkono umepona lini?"

Mansuetus akavua kofia. "Shikamoo, mama," akasema, ingawa asubuhi ile walikwisha kusalimiana.

"Marahaba. Sogea, unawazibia wenzako mizani."

Jumapili Bonifasia alirudi benchi la mbele, Kunigunda pembeni yake. Mimi nilikaa nyuma yao, niwatazame vizuri.