Gurudumu la Spoki Arobaini

Ndugu yangu mkubwa ndiye aliyeniletea habari: gurudumu la nyuma la baiskeli, kwa kuwa lina spoki arobaini, huita radi. La mbele, lenye thelathini na mbili, halina neno. Alisema huko Kenyenya mtu alipigwa akiwa juu ya baiskeli ikabaki kofia tu, nayo kofia ikaendelea kuteremka kilima. Nikaamini. Niliamini hata kofia.

Msinicheke upesi. Kwetu radi si hadithi. Mvua ya alasiri ikianza, watu huchomoa televisheni, hufunika vioo na kukimbia kutoka kwenye majani chai. Tena mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza masomo ya jioni, nimefundishwa kwamba chuma hupitisha umeme, na elimu ikiwa mpya mtu hutaka kuivaa kila siku. Vyuma arobaini vinavyokutana katikati! Nilimthibitishia ndugu yangu uvumi wake vizuri kuliko alivyoujua mwenyewe. Alinisikiliza kwa makini, akasema, "Ndiyo maana tulikupeleka shule."

Wiki ileile mama mmoja mnunuzi wa ndizi, pale Nyaramba, alikuwa amenipa ahadi. Alitaka mtu wa kumtolea mikungu mashambani hadi barabarani, msimu mzima. Ndugu yangu alikuwa na pikipiki, lakini iliteleza kwenye vijia vya migombani na kuponda ndizi. "Lete baiskeli inayobeba," mama akaniambia, "kazi ni yako." Sikutaka kingine duniani.

Nikaipeleka baiskeli yangu ijengewe gurudumu la nyuma kwa fundi wa Masimba, mtu wa majivuno, aliyeapa kwamba gurudumu lake lingebeba ng'ombe aliyembeba ng'ombe mwenzake. Alichagua habu nzito ya chuma ya kukaa katikati, rimu isiyo na ufa, spoki nene kuliko za kawaida. Akazipishanisha moja juu ya nyingine, kisha akazidonoa kwa ukucha, sikio likiwa karibu, kama mpiga obokano anayesikiliza nyuzi kabla ya arusi. Iliyolia kwa unyonge aliikaza. Gurudumu lilipozunguka, halikuyumba hata kidogo.

"Sasa toa nusu," nikamwambia.

"Nusu ya nini?"

"Ya spoki. Ishirini zinatosha."

"Wewe momura, kijana mzima, nimekujengea gurudumu, wewe unataka mfupa wa samaki?"

Nikamweleza habari ya radi. Akacheka hadi spana ikamtoka mkononi. "Nimekaa hapa nikisikia kila upuzi wa barabara hii. Huo ni mgeni."

"Ni kwa sababu hujasoma."

Hapo kicheko kikakatika. Akazitoa, akiruka moja na kutoa moja, huku akisonya. "Ukianguka, sema ulijengewa Kisumu."

Sikufika hata barabarani. Kwenye mteremko wa kwanza, mikungu ikiwa imefungwa nyuma, gurudumu lilijikunja kama chapati, na ndizi zikabingirika hadi nadhani bonde zima lilipika jioni ile bila kwenda sokoni. Mama alikuja, hakunitukana. Aliinama akalitazama lile gurudumu.

"Baba, spoki ziko wapi?"

Nikamwonyesha mawingu.

Alitoa simu akampigia ndugu yangu. Afadhali ndizi zilizopondeka kidogo, alisema, kuliko zilizo mtoni. Ndugu yangu akabeba msimu ule, na uliofuata, akaezeka nyumba mabati mapya yanayong'aa hadi ndege wanakosea njia. Mimi nilichuma chai ya watu. Kila alipopita na mzigo alinipigia honi, nami nilimpungia mkono.

Nilifanya kisa kile kichekesho changu. Nilikisimulia kila mahali, kila mara nikiongeza mvua kidogo. Sabato moja nilikisimulia nyumbani kwake, chini ya mabati yale, na wageni wakacheka vizuri. Ndugu yangu alipotoka kuwasindikiza, shemeji akabaki akikusanya sahani. Hakunitazama.

"Shemeji, hicho kisa usikisimulie tena. Hakuna mtu aliyepigwa radi Kenyenya. Ndugu yako aliitunga habari ya spoki hapa mezani, siku aliyosikia kwamba mama wa ndizi amekuchagua wewe."