Mpira, Bomba na Skrini Nyeupe

Miaka sita nilikuwa mwalimu wa kibarua, muhula huu hapa, ujao kwingine. Kwa hivyo shule moja ya Kilimani iliponiita nifundishe somo la majaribio mbele ya wakubwa watatu, nilijua hiyo ndiyo ajira ya kudumu, ama nibaki kutangatanga.

Nilienda na programu ya bure ya kuchora. Unaiandikia mlinganyo, inakuchorea umbo, unaligeuzageuza. Nyumbani, mtaa wa Jamhuri, nilikuwa nimechora mpira, nikachora na bomba linaloutoboa, vyote vikatoka safi. Ningeishia hapo. Lakini mimi na kujishaua! Mbele yao nikataka kuonyesha ule mstari tu ambapo bomba linakutana na mpira. Nikahamisha kila kitu upande mmoja, nikaipandisha milinganyo yote miwili kipeo cha pili, nikajumlisha, nikaandika sawa na sifuri. Hesabu sahihi kabisa, hata leo naapa.

Skrini ikabaki nyeupe.

"Mwalimu, hiyo mchoro iko wapi?" akauliza mkuu wa idara. Nikabonyeza tena. Nyeupe. Akawageukia wenzake: "Si mnajua vitu vya bure, rahisi huvunja upishi." Wakacheka wote. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilirudi kwa miguu nikijitukana njia nzima. Jioni ndipo nikaelewa. Programu ile huchora pale hesabu inapovuka kutoka hasi kwenda chanya, na jumla ya vipeo vya pili haiendi hasi hata uichape viboko. Inagusa sifuri, inarudi. Nikabadilisha sifuri kuwa sehemu moja ya mia. Lo! Uzi mwembamba ukauzunguka mpira, mzuri hadi nikalia. Nikamtumia mkuu wa idara mchoro huo, pamoja na maelezo. Akajibu: "Asante mwalimu. Tulishapata mtu."

Muhula uliofuata, binti wa jirani anayesoma shule hiyo aliniletea daftari nimsaidie. Ndani, uzi wangu, na ile sehemu yangu moja ya mia.

"Mwalimu wetu mpya alituonyesha," akasema. "Lakini tukimuuliza kwa nini si sifuri, anatuambia tukariri tu."

Nilikasirika. Kisha nikavuta kiti, nikamfundisha lile somo la majaribio, lote, hadi mwisho.