Gunia Lenye Kilemba

Binti wa mpagazi alikuwa na siku tatu hajala vizuri, na si kwamba chakula kilikosekana. Mwaka wake wa mwisho wa uchumi wa kilimo chuoni ulikuwa ukingoni. Ijumaa angesimama mbele ya wahadhiri watatu kutetea utafiti wake, na akianguka angerudia mwaka mzima. Wenzake walimwita Asilimia, maana hata ukichelewa kumletea chai alikupigia hesabu ya dakika. Wiki hii Asilimia alitafuna kucha kama mtoto wa chekechea.

Utafiti ulihusu viazi. Alikuwa amewazungukia wakulima arobaini, akamuuliza kila mmoja ameuza magunia mangapi na kwa bei gani. Gunia moja akalihesabu kilo mia, akagawa, na jibu likatoka tamu: wakulima wanalalamika bure, bei ni nzuri. Msimamizi wake alifurahi mpaka akamwaga wino akisaini.

Jumatano jioni alimsomea baba yake ukurasa wa mwisho, atulize roho tu. Mzee alikuwa amelala kifudifudi mkekani, mama akimkanda mgongo. Kwa miaka ishirini na miwili alipakia viazi sokoni, na karo yote ya chuo ilitoka kwenye mgongo huo.

"Hapo hebu rudia, mwanangu. Gunia kilo ngapi?"

"Mia, baba. Ndivyo vitabu vinavyosema."

"Lililoshonwa mdomo, au lenye kilemba?"

Moyo ulimlipuka paa! Kilemba ndicho lumbesa, viazi vinavyorundikwa juu ya mdomo wa gunia na kufungwa kwa kamba, na magunia yote aliyoyaona kwa wakulima yalikuwa ya namna hiyo. Amekulia nyuma ya soko, lumbesa amezijua tangu anatambaa, na hakuwahi kujiuliza zina uzito gani. Aliogopa, tena aliona aibu.

"Wewe nyamaza tu," mama alisema. "Hao wahadhiri watajulia wapi?"

"Mimi nimeshajua, mama."

Asubuhi baba na binti walikwenda sokoni kuazima mizani. Gunia la kwanza lilipowekwa, mshale ulipita mia, ukapita mia na ishirini, ukatulia mia na thelathini na nane. Asilimia alipima mengine manne, akiomba hata moja limwokoe. Hakuna lililoshuka chini ya mia na thelathini. Kesho atawaambia wahadhiri kwamba bei ya kilo ni mbaya, kwamba wakulima walisema kweli, na kwamba kurasa zake sitini hazifai kitu. Aliziandika namba zile daftarini.

Baba yake alikuwa bado ameukodolea macho mshale. Wapagazi hulipwa kwa gunia, hakuna anayewauliza kilo.

"Kumbe kila gunia nililobeba lilikuwa karibu gunia na nusu?"

"Ndiyo, baba."

"Hebu nipigie hesabu basi. Hiyo nusu, kwa miaka yote ile."

Asilimia alikuwa ameshaipata kichwani kabla mzee hajafunga mdomo. Alifunga daftari.

"Hii siiwezi, baba," alisema, akampokea mzee koti lake, wakarudi nyumbani taratibu.